Juu pa Kuteka, Chini pa Kufulia

"Kwani Riyadh kuna mto?"

Susan ndiye aliyewahi kuuliza hivyo, Susan jirani wa ghorofa ya chini kule Shumaisi, siku waliposimama ngazini wakingoja umeme urudi. Bi Wahida alicheka. Miaka hamsini ameishi mji huu, tangu aletwe kutoka Unguja akiwa mtoto wa miaka sita, na maji aliyoyajua yeye ni ya bomba, ya tangi na ya gari. Mto wa nini tena?

Jumatatu ile hakucheka. Alikuwa amesimama bondeni penye matete, mwendo wa saa moja kusini ya mji, mkono mmoja amelikusanya buibui lisilowe na mkono wa pili ameshika nakala ya karatasi ya polisi. Mbele yake kilipita kijito chembamba, mtu mzima angekiruka bila hata kukimbia. Karatasi ilisema mwanamke wa Kikenya amefia humo.

Haikuwa ndefu karatasi yenyewe. Winfred, mtumishi wa nyumbani, miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Changamwe, Mombasa. Ijumaa alikuja na mabosi wake kwenye shamba lao la mapumziko. Baada ya sala ya Ijumaa madam alimtuma kijitoni akafue mazulia. Alasiri alipoitwa hakuitika. Buibui lake likakutwa limenasa kwenye matete haya, na aliyelikuta ni Fidel, Mkenya mwenzake, mwagiliaji wa mashamba ya hapo, aliyesema amemwona Winfred akielea kuelekea bwawani. Juu ya jiwe la kufulia pakaonekana madoa mekundu. Kabla ya magharibi Fidel alikwishatiwa pingu. Mwili haukuwa umeonekana, na wazamiaji walikuwa siku ya tatu wakiutafuta kwenye bwawa ambamo kijito humwagikia.

Bi Wahida hakuwa polisi. Ila kwa miaka kumi na moja kila Mswahili aliyeshikwa upande ule wa mji yeye ndiye aliyeitwa kumtafsiria. Masomo yake yaliishia darasa la sita, lakini siku ya kwanza alishika Msahafu akaapa kwamba hataongeza neno wala hatapunguza, na nakibu wa kituo, ofisa mwenye nyota tatu begani, hakuwahi kumkuta na kosa.

"Jumatano adhuhuri faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, Umm Saif," nakibu alimwambia asubuhi ile kwa Kiarabu chake cha haraka, akimwita kwa jina la mwanawe. "Likishatoka mezani kwangu si langu tena. Ni faili la kuua. Unajua linakoishia."

"Na mwanamke akionekana yu hai?"

"Halas, hakuna faili. Lakini niletee mtu, usiniletee simu. Sauti kila mtu anayo. Aweke vidole vyake kumi kwenye mashine, kituo chochote cha nchi hii, na kijana anakwenda zake siku hiyohiyo."

"Basi nipe ruhusa nikapaone mahali. Siwezi kutafsiri mahali nisipopajua."

Nakibu akamwandikia kibali.

"Mathe, sasa hii ndiyo mto?" Onesmus aliuliza, amesimama nyuma yake na funguo za teksi kidoleni. Alikuwa Mkamba wa Makueni, na kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa akimwendesha Bi Wahida kila alikoitwa. "Hii ni mfereji iko na maringo."

"Hebu ingia humo."

"Mimi? Na hivi viatu?"

"Vua viatu, mwanangu. Nataka kujua kina."

Onesmus akavua, akakunja suruali, akaingia. Maji yalimkomea magotini. Alitembea mpaka katikati ya matete na kurudi, uso ameukunja.

"Ni moto, hii maji. Kama ya kuoga."

"Yanatoka kisima kirefu, pampu iko huko juu mashambani. Sasa niambie, mwili wa mtu mzima ungepita hapo ulipopita?"

Onesmus aliyatazama matete. Yalikuwa yamebanana kama njiti za ufagio. "Hata paka angekwama."

Bi Wahida alianza kupanda kufuata maji yanakotoka, hatua mbili tatu, anasimama, anaangalia, anakwenda tena. Kijito kilikuwa na tabia zake. Penye matete kilijikokota, kimevimba, rangi ya chai ya maziwa. Juu kidogo kikawa chembamba zaidi, cheupe, kinapita kwa kunong'ona kando ya migunga yenye miiba. Halafu, hatua kama arubaini kutoka kwenye matete, kikaisha. Mbele yao ilitanda changarawe kavu, nyeupe, imechomwa na jua.

Bi Wahida akahesabu. Hatua mia moja na tisini juu ya changarawe, na viatu vyake havikulowa. Mwisho wa changarawe maji yalikuwako tena, mengi, ya haraka, yenye kelele, yanakuja yanajigonga kwenye mawe kisha yanadidimia.

"Yamekwenda wapi?" aliuliza.

Onesmus alitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Hapa umefika kwetu, Mathe. Makueni mito iko hivi. Maji inatembea chini ya mchanga, wewe unapita juu na punda. Imeingia hapa, inatoka pale kwa matete. Iko tu. Ni vile haitaki kuonekana."

"Na vitu vilivyomo majini?"

"Vitu gani?"

"Chochote. Kiatu. Nguo."

Onesmus alielekeza kidole. Pale maji yalipodidimia palikuwa na tuta la taka: makuti, chupa, kandambili moja ya mtoto, mfuko wa mbolea, kokwa za tende zisizo na idadi. Takataka za mwaka mzima, na hakuna hata moja iliyovuka.

Bi Wahida hakuridhika kwa kuangalia. Walipanda tena, wakapita bomba la zege lililopitisha kijito chini ya barabara ya vumbi, wakafika kwenye jiwe la kufulia lililozungushiwa utepe wa polisi. Alichukua chupa tupu ya maji, akaifungia kitambaa chake cha shingoni, akampa Onesmus. "Tia hapa. Uifuate."

Alikaa kivulini akisubiri, huku akivuta tasbihi. Onesmus alirudi baada ya robo saa, anatokwa na jasho.

"Imepita bomba sawa. Imefika kwa changarawe, imekaa na wenzake. Nimengoja mpaka nimechoka."

"Basi buibui halikuteremka na maji," alisema Bi Wahida. "Limebebwa na mkono wa mtu."

Aliinama juu ya jiwe. Madoa mekundu yalikuwapo kweli, ya rangi ya kutu. Alitoa ufunguo wa nyumba akakwangua, akanusa. Kisha akainuka akaenda kukwangua jiwe la pili, na la tatu, na mdomo wa bomba, na akapanda hadi mahali pampu ilipotemea maji. Kote huko palikuwa na wekundu uleule, na kwenye pampu ulikuwa mzito zaidi.

"Kisima kina chuma," alisema aliporudi. "Maji haya yanapaka mawe yote. Polisi walikuja na magharibi, wakaangalia jiwe moja tu."

Maabara ingesema hayohayo, lakini majibu ya maabara yangechukua wiki mbili, na faili lilikuwa na siku mbili.

Akavigeukia vitu vya Winfred, ambavyo polisi walivipiga picha wakaviacha. Mazulia mawili yamekunjwa kando ya jiwe. Akapiga moja kwa kiganja, vumbi likaruka. Zulia lile halikuwa limeonja maji. Chini ya jiwe, upande maji yanakokwenda, palikuwa na brashi na kipande cha sabuni ya kijani. Alikiokota. Maandishi ya kiwanda yalisomeka yote, herufi kwa herufi, na pembe zake zilikuwa kali kama za tofali jipya.

Na upande wa juu wa jiwe, hatua kumi kuelekea pampu, palikuwa na kidumu cha maji ya kunywa, kimechimbiwa kishimo kisianguke, na kikombe cha bati kimefunikwa juu yake.

Bi Wahida alikitazama kidumu kile muda mrefu. "Onesmus. Wewe ungekiweka wapi?"

"Nini?"

"Kidumu. Umekuja kufua peke yako. Maji ya kunywa ungeyaweka wapi?"

"Popote. Karibu na mkono." Akakuna kidevu. "Lakini hii ni kama kwa kina bibi yangu. Yeye ni wa Vihiga. Huko mito inatembea mwaka mzima, na wana sheria yao: juu pa kuteka, chini pa kufulia. Hata katoto ka miaka minne kanajua. Mara ya kwanza kupelekwa kwao mimi nilinawa miguu juu ya mahali wanateka. Mama mkwe hakunisalimia wiki mzima. Mpaka nikanunua kuku."

"Na mtu wa Changamwe?"

"Changamwe? Wale ni wa maji ya bomba na mkokoteni. Mto atajulia wapi?"

"Madam wake nilimpigia simu. Anasema Winfred hakuwahi kuyatia maji haya kinywani, anakuja na chupa yake ya dukani." Bi Wahida akakirudisha kikombe kama kilivyokuwa. "Fidel ni mtu wa wapi?"

Onesmus alianza kuvaa viatu. Alivivaa taratibu mno. "Vihiga," alisema mwisho. "Mathe, usiseme ni yeye alimuua."

"Sikusema hivyo. Nimesema nini mimi? Hapa hapajauliwa mtu wala hapajafuliwa zulia. Kuna mtu amepapanga pafanane na mahali pa kufulia, na amepapanga kama kwao."

Waliporudi kwenye gari alisimama tena, penye kona ambapo barabara ya vumbi ilikaribia matete. Alama za magurudumu mapana, mawili mawili kwa nyuma, zilikuwa zimezama pembeni. Ndani yake kulikuwa na majani makavu ya kijani. Aliyaokota, akampa Onesmus anuse.

"Barsimu," alisema Onesmus. "Chakula ya ng'ombe." Walipofika lami akaongeza: "Madereva Wakenya wa malori ya barsimu huku ni mmoja tu. Anaitwa Justus. Stoo yao iko Sulay."

"Kwanza kituoni," alisema Bi Wahida.

* * *

Fidel aliletwa kwenye chumba chenye meza na viti vitatu. Alikuwa kijana mrefu, mikono mikubwa, kucha zimeingia kutu ya kijito. Askari alikaa mlangoni akichezea simu. Kiswahili hakukijua, lakini kazi yake ilikuwa kusikiliza, na maneno yote ya mahabusu yalitakiwa yatafsiriwe na kuandikwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu, kabla hujafungua mdomo. Mimi nimeapa. Utakalolisema nitalitafsiri kama lilivyo, sitalificha. Kwa hiyo usiseme. Mimi ndiye nitakayesema, wewe nitazame tu."

Fidel alimtazama.

"Umewaambia polisi ulimwona anaelea. Nimetoka huko sasa hivi. Pale panaelea bata tu."

Fidel akayahamishia macho mezani.

"Sabuni yako mpya. Ungeisugua japo mara mbili. Mazulia yana vumbi la mwezi. Na kidumu umekiweka juu, kama alivyokufundisha mama yako. Yeye Winfred angekuwa na chupa ya dukani, na angeitupa popote."

Mikono mikubwa ikashuka chini ya meza.

"Nikimwambia nakibu habari ya changarawe, atajua kuwa buibui lilibebwa. Ataniuliza na nani, na aliyelikuta ni wewe. Kwa hiyo kweli niliyoiona inazidi kukufunga. Umenielewa? Ulijifanya shahidi ili watu waache kumtafuta mtu, na sasa unashtakiwa kumuua. Jumatano adhuhuri faili linaondoka hapa. Huko linakokwenda, mtu hukatwa kichwa."

Askari aliinua macho. "Anasema nini?"

"Hajasema kitu," alijibu Bi Wahida kwa Kiarabu. "Ninayesema ni mimi."

"Na wewe unasema nini?"

"Namwambia kesi yake imekaa vibaya."

Askari akarudi kwenye simu yake. Fidel alilamba midomo. Alipozungumza sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Basi ni mpaka Alhamisi," alisema. "Hiyo itafsiri, haina ubaya. Mpaka Alhamisi sina neno la kusema, hata wakinipeleka wapi."

Bi Wahida alimgeukia askari akatafsiri kama lilivyo. Askari akaliandika, akauliza Alhamisi kuna nini. Bi Wahida akasema hajui, na wakati huo alikuwa hajui kweli.

* * *

Sulay ilikuwa na vumbi la saruji na harufu ya dizeli. Waliingia stoo ya chakula cha mifugo baada ya alasiri. Justus alikuwa juu ya lori, anapanga marobota ya barsimu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu katika joto lile.

"Justus, huyu ni mathe yangu," Onesmus alimwita. "Shuka umsalimie."

"Niko kazi."

"Ijumaa ulikuwa bondeni," alisema Bi Wahida kutoka chini.

"Mimi hupakia huko kila Ijumaa. Si siri."

"Na Jumamosi?"

"Jeddah. Kila Jumamosi."

"Ulibeba nini?"

"Barsimu."

"Barsimu ilivaa nini?"

Mmoja wa wapakizi, Mkenya mwenzao, aliangua kicheko. Justus hakucheka. Alishuka, akawavuta mpaka nyuma ya gurudumu.

"Nani amesema?"

"Kijito. Sikiliza, Justus. Fidel yumo ndani kwa kumuua mtu uliyempakia wewe akiwa mzima."

Justus aliivua kofia. "Walisema wanamshika kama shahidi. Siku moja, mbili."

"Keshokutwa adhuhuri faili lake linaitwa la kuua. Alhamisi kuna nini?"

Alitazama huku na huku, kisha akasema yote kwa pumzi moja. Mkataba wa Winfred ulikuwa wa miaka miwili. Kafili, yule tajiri aliyemleta nchini, alikataa kumpa ruhusa ya kutoka, ukawa minne, simu wamemnyang'anya, mlango unafungwa kwa nje. Angetoroka tu, kafili angemsaka mpaka ampate, maana wenzake wawili wa kabla yake walisakwa hivyohivyo. Lakini anayejulikana amekufa hasakwi. Wazo lilikuwa la Fidel. Na Jeddah, Alhamisi, maofisa wa ubalozi wangekuja kutoa karatasi za kusafiria kwa makemboi.

"Makemboi ndio nani?"

"Waliotoroka kwa makafili," alisema Onesmus. "Wenyewe ndio wanajiita hivyo."

"Akishika ile karatasi Alhamisi, jioni yuko kwa ndege," Justus akamalizia. "Halafu Fidel aseme ukweli. Hivyo ndivyo walipanga."

"Umemshusha wapi?"

"Mathe, mimi niliapa."

"Na mimi pia nimeapa," alisema Bi Wahida. "Kwa hiyo tunajuana. Umemshusha wapi?"

Justus aliigeuza kofia mikononi mara kadhaa. "Hindawiya, hukohuko Jeddah. Kwa mama mmoja Mzanzibari anapika vyakula vya harusi. Bi Huda."

Bi Wahida alifumba macho kidogo. Bi Huda alikuwa dada wa marehemu mume wake.

* * *

Ndege aliyoipata ilikuwa ya Jumatano alfajiri, na hakuthubutu kumpigia Bi Huda simu kabla, asije akamficha msichana kwingine. Mwanawe Saif, aliyehamia Jeddah kwa kazi ya bandari, alimpokea uwanjani, na saa tatu asubuhi gari likasimama mbele ya nyumba ya Bi Huda. Saif akabaki kwenye usukani.

"Wifi yangu, na salamu hujaleta," alisema Bi Huda mlangoni. Kisha akamtazama usoni. "Umekuja kwa nani?"

"Kwa Winfred."

"Hapa hakuna Winfred."

"Huda. Tumezikiana mimi na wewe. Usiniambie hivyo."

Bi Huda alisogea akampisha. Jikoni kulikuwa na masufuria mawili makubwa ya pilau motoni na wasichana wawili wamekaa vigodani wanamenya vitunguu. Mmoja, mnene, jina lake Rispah, aliinuka kwa adabu. Wa pili hakuinuka. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa vitunguu, na alikishika kisu kwa kukiminya.

"Wewe ndiye Winfred," alisema Bi Wahida. "Mimi ni mtafsiri wa kituo cha Riyadh."

"Umenijia na polisi?"

"Nimekujia na mwanangu, yuko nje garini. Sina nguvu za kukuburura, na wala sikuja kukuburura. Nimekuja kukwambia jambo moja. Fidel leo adhuhuri anapelekwa kushtakiwa kwa kukuua."

Kisu kikasimama. "Yeye ni shahidi."

"Alikuwa. Wameona mawe mekundu wakadhani damu."

"Ile ni kutu. Kila mtu bondeni anajua ile ni kutu."

"Kila mtu bondeni hakuulizwa."

Winfred alimtazama Rispah, akamtazama Bi Huda, kisha akarudi kwa Bi Wahida. "Basi nipe simu niwapigie. Niwaambie ni mimi, niko hai."

"Nimemuuliza nakibu. Sauti haitaki. Anataka vidole vyako kumi."

"Ni kesho tu, mamangu. Kesho saa nne nashika karatasi, jioni niko angani. Akae siku moja tu, nikifika kwetu nitauambia ulimwengu mzima."

"Siku moja ingekuwa siku moja, ningepanda ndege ya nini? Likishatoka kwa nakibu, faili hilo hurudi baada ya mwaka, au miwili, au halirudi. Na wewe ukiwa Changamwe vidole vyako viko Changamwe."

"Na mimi nikienda kituoni hapa?" Sauti ya Winfred ilipanda. "Watatazama kompyuta, waone nimetoroka, wamwite kafili. Miaka minne, mama. Miaka minne sijatoka mlangoni peke yangu. Ile Ijumaa nilipotembea kutoka jiweni mpaka kwenye lori, ndiyo mara ya kwanza."

"Najua."

"Hujui."

"Haya, sijui," alisema Bi Wahida. "Sitakudanganya kwamba hawatamwita. Huenda wakamwita. Nitakuwa nawe mezani, nitatafsiri ya mkataba na ya mlango na ya simu, neno kwa neno, na yataandikwa. Zaidi ya hapo sina la kukuahidi."

Bi Huda alifunika sufuria kwa kishindo. "Na asipokwenda? Utamsema?"

"Nitarudi Riyadh. Nakibu akiniuliza kama yu hai, sitasema uongo. Akiniuliza yuko wapi, sitamwambia. Hapo sipunguzi neno la mtu, nakataa langu. Na bila mtu, kama alivyosema mwenyewe, faili litakwenda." Alivuta kigoda akakaa, miguu ilikuwa inamuuma tangu uwanjani. "Mimi nimemaliza."

Pilau ilichemka. Rispah alijifuta machozi kwa mkono wa nguo, na haikujulikana kama ni vitunguu.

"Yeye alisema nini?" Winfred aliuliza.

"Fidel? Aliuliza ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akasema mpaka Alhamisi hana neno, hata wakimpeleka wapi."

"Nilimwambia asiwe yeye wa kuliona buibui. Nikamwambia liache, wataliona wenyewe." Alikiweka kisu ndani ya sinia, makali chini. "Hakunisikiza. Alisema polisi wa sinema za Wazungu tu ndio huona vitu, hawa wa hapa hawatashuka matopeni."

Ukutani saa ilikuwa inakaribia nne kasoro robo.

Winfred aliinuka, akaenda kwenye karai, akanawa mikono kwa sabuni, mpaka viwikoni, akanawa tena. Alivua aproni akaitundika. Kutoka ndani ya sidiria alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua. Ilikuwa na muhuri na namba arubaini na moja, nafasi yake ya kesho kwenye foleni ya ubalozi. Rispah, kemboi mwenzake, hakuwa na namba. Zilikwisha siku mbili kabla ya yeye kufika.

Akaitia mkononi mwa Rispah na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Winfred, hapana," alisema Rispah.

"Kituo ni mbali?" Winfred alimuuliza Bi Wahida.

"Dakika kumi kwa gari."

Buibui la Bi Huda lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Winfred alilivaa. Lilikuwa refu, likaburuzika chini, akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Mwanangu, ngoja," alisema Bi Huda, sauti imemlainika. "Kunywa japo chai. Na huyo kafili akija kukuchukua, utafanyaje?"

Winfred alifungua mlango, akasimama kizingitini kiasi cha macho kuzoea jua, kisha akaelekea garini kwa Saif.